Watu Kumi na Wanane wa Généreuse

Modeste, mkuu wa ugawaji wa chakula, alisoma jina la kwanza kwenye listi kwa sauti yake ya kila siku, akasoma la pili, na alipofika la tatu akanyamaza. Aliisogeza karatasi karibu na macho, akairudisha mbali, kisha akacheka kicheko kikavu ambacho watu wa kwenye foleni hawakukipenda.

"Généreuse wa Kizuka," aliita. "Nyumbani kwako muko watu wangapi?"

"Sita, shefu."

"Sita. Hapa imeandikwa kumi na wanane. Na chakula umeshapokea mara kumi na nane."

Foleni nzima iliangua kicheko. Mtu mmoja wa nyuma aliuliza amezaa lini wote hao, na mumewe alikufa mwaka juzi. Généreuse alisimama na gunia lake tupu begani, hajui acheke au alie. Alikuwa amefika mbele ya hangari la chakula tangu alfajiri, kama wenzake wote wa kambini, watu walioshuka kutoka vilimani mwa Kizuka bunduki zilipozidi, wakajenga vibanda vya maturubai pembezoni mwa mji wa Rumonge, wakawa wanaishi kwa unga na maharage ya shirika la misaada.

Modeste hakucheka tena. Aliendelea kusoma, safari hii hamwiti mtu, anasoma kama mtu anayehesabu majeraha. Huyu watu ishirini na mmoja. Huyu kumi na wawili. Huyu ishirini na saba. Alifika chini ya ukurasa wa mwisho, penye jumla, akaikunja karatasi.

"Kambi hii ina watu elfu moja na ushee," alisema. "Leo wamekuwa elfu tatu. Nani aliingiza majina haya kwenye masini?"

Hakuna asiyejua. Wote walimgeukia Mwasiti, aliyekaa kwenye meza ndogo mlangoni mwa hangari, kalamu mkononi. Mara tatu zilizopita chakula kiligawiwa kwa listi zilizoandikwa kwa mkono. Halafu shirika likaleta kompyuta moja na jenereta, na Mwasiti, aliyesoma ukarani kwa shangazi yake Buyenzi, Bujumbura, akapewa kazi ya kuingiza fishi, karatasi za familia, moja moja: jina la mwenye nyumba, watu wake, na siku alizopokea. Kazi ilipokwisha, yote yalipelekwa Bujumbura, na huko ndiko ilikotengenezwa listi hii, ya kwanza kutoka mashineni.

"Ni mimi, shefu," alisema akisimama. "Lakini huyu mama nilimwandika watu sita. Fishi yake naikumbuka."

"Masini haina ndugu, Mwasiti. Haina njaa, haina rafiki kambini. Inatoa kile ulichokitia."

"Basi tuchukue fishi tulinganishe."

"Watakuja kulinganisha watu wa Bujumbura. Wewe nipe funguo."

Alimpa. Modeste alitangaza kwamba ugawaji umesimamishwa mpaka uchunguzi uishe, na familia mia mbili na kumi na tatu zikaanza kurudi kambini na magunia matupu. Getini mlinzi, ambaye kila asubuhi humwamkia Mwasiti kwa amahoro, salamu ya Kirundi, na utani, alimwomba mkoba. Aliumwaga wote juu ya benchi: leso, kitana, vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha kwenye karatasi. Aliufungua hata muhogo, akachungulia.

"Unisamehe dada," alisema bila kumtazama. "Ni amri."

Watu waliokuwa wakipita walisimama kuangalia. Mwasiti alikusanya vitu vyake kimoja kimoja, polepole, asionekane anakimbia.

*

Habari ilitangulia kufika nyumbani. Salima, mama mkwe wake, alikuwa uani amekaa kwenye mkeka anachambua ndagala, dagaa wa ziwani, na hakuinua kichwa. Shafii alikuwa nje mbele ya nyumba, kazini kwake. Alikuwa fundi wa baisikeli, na wateja wake wengi walikuwa vijana wabebao mafuta ya mawese kutoka Minago. Aliiweka chini spana yake, akamfuata mkewe ndani.

"Wanasema umeuza chakula cha wakimbizi."

"Nani anasema?"

"Watu wawili tayari wamekuja kuchukua baisikeli zao. Sijazimaliza hata kuzitengeneza."

"Shafii, sikuongeza hata mtoto mmoja mchanga."

"Najua," alisema, na alisema kweli, hakusita. "Lakini kujua kwangu kutasaidia nini? Wale watu wana njaa. Saa hii mtu mwenye njaa hakuulizi ushahidi."

Salima alisikika kutoka uani. "Aende kwa shefu akaombe msamaha. Aseme alichoka, alikosea. Mtu akiomba msamaha mambo huisha."

"Nikiomba msamaha, mama, nitakuwa nimekubali," Mwasiti alijibu. "Na wale wa kambini watabaki wezi pamoja na mimi."

"Na usipoomba, watoto wako watakula nini?"

Jioni Mwasiti alichukua ndoo akaenda bombani, kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha na kwa sababu hakutaka kujificha. Wanawake watatu walikuwa mbele yake. Wa mwisho alijaza ndoo yake, akafunga bomba, akasimama amelikinga kwa mwili. "Wewe si uko na watu elfu tatu?" alisema. "Watume hao wakakuchotee." Mwasiti alisubiri. Alisubiri mpaka yule mwanamke akaona haya, au akachoka, akaondoka. Ndipo akachota.

*

Kesho yake asubuhi Généreuse alikuja mwenyewe. Hakubisha hodi, aliingia uani na mikono kiunoni.

"Nilikukosea nini, Mwasiti? Umenizalisha watoto kumi na wawili mbele ya watu! Jana watoto wangu walilala na maji ya chumvi. Walisema niko na akiba ya kula mara kumi na nane!"

"Keti, mama Généreuse."

"Siketi!"

"Basi simama, lakini unionyeshe karata yako."

Généreuse aliitoa kifuani, karatasi ngumu iliyofungwa kwa nailoni. Kila mwenye nyumba akipokea chakula karata yake hutobolewa tundu. Yake ilikuwa na matundu matatu.

"Watu sita," Mwasiti alisema taratibu. "Matundu matatu."

"Ndiyo hivyo! Hata wewe unajua!"

Mwasiti hakumsikia. Usiku kucha alikuwa amejiuliza kidole chake kilibonyezaje moja na nane badala ya sita, na kingewezaje kukosea hivyo kwa kila familia. Kilichomshika sasa kilikuwa kitu kingine. Modeste alisema watu kumi na wanane, na akasema amepokea mara kumi na nane. Ile ile. Kwa nini watu na ugawaji, vitu viwili visivyohusiana, viwe na namba moja?

Alikwenda kwenye sanduku la vifaa la mumewe akachota golori za baisikeli kwenye kopo. Alipanga sita kwenye mkeka wa Salima, akamwambia Généreuse: hawa ni watu wako. Kisha mbele ya kila golori akaweka mbegu tatu za ndimu. "Haya ni matundu. Kila mtu wako nimempa matundu yote matatu. Sasa hesabu mbegu."

Généreuse, ambaye hakusoma ila alijua kuhesabu kuliko wengi waliosoma, alipitisha kidole. Alifika mwisho, akarudia. "Kumi na nane," alisema, na hatimaye akaketi.

"Masini haikuhesabu watu wako," Mwasiti alisema. "Ilimsimamisha kila mtu na kila ugawaji, ikahesabu hao waliosimama wawili wawili."

Shafii alikuwa mlangoni anaangalia, mafuta meusi mpaka kwenye viwiko. "Hiyo ni familia moja," alisema. "Watakwambia ni bahati."

"Ndiyo. Kwa hiyo nitazifuata zote."

*

Listi ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa hangari ili kila mtu aone aibu yake. Mwasiti alisimama pale nje juani na kaye, daftari la shule la mtoto wake, akanakili majina mia mbili na kumi na tatu na namba zake. Mlinzi alimwacha, hapakuwa na amri ya kukataza kusoma mlango. Na kweli, mstari kwa mstari, namba mbili zilifanana: kumi na mbili na kumi na mbili, ishirini na saba na ishirini na saba, tano na tano.

Kisha akaingia kambini. Siku ya kwanza watu walimfukuza kwenye vibanda vitatu, na kwenye cha nne mwanamke alimwaga maji machafu karibu na miguu yake, akasema hakumwona. Siku ya pili Généreuse alimfuata, akawa anatangulia kila mlango. "Mwache aulize," alisema kwa ukali wake. "Na mimi nilitaka kumpiga. Onyesha karata." Mwasiti alihesabu watu kwa macho, akahesabu matundu kwa kidole, akazidisha, akalinganisha na listi. Watu tisa, matundu matatu, ishirini na saba. Watu sita, matundu mawili, kumi na mbili. Familia moja ya watu watano ilikuwa na tundu moja tu, ilifika siku chache kabla ya ugawaji wa tatu. Na hiyo, peke yake katika ukurasa wake, iliandikwa watu watano sawasawa. Alipoiona hiyo alilazimika kukaa chini kidogo. Ilikuwa kama kuona mtu anayemfahamu katikati ya umati wa wageni.

Upande wa mwisho wa kambi, karibu na mfereji, vibanda vilikuwa vipya. Mzee mmoja alitoa karata isiyo na tundu hata moja.

"Sisi usitupotezee muda," alisema. "Sisi hatumo kabisa. Wenzetu mmewaandika mara tatu, sisi mmetuacha."

Mwasiti alitafuta kwenye kaye. Jina halikuwapo. La jirani yake pia halikuwapo. Walikuwa wameshuka baada ya ugawaji wa tatu, wiki saba zilizopita, na yeye mwenyewe aliwaandika, siku ya mvua, jenereta likizimika kila dakika kumi. Aliwakumbuka kwa sababu ya lile jenereta. Aliwatia wote, jina kwa jina. Walikwenda wapi?

Alisimama katikati ya njia, na jibu likamjia lenyewe: watu wanne wa mzee huyu, matundu sifuri. Nne mara sifuri ni sifuri.

*

"Umefanya kazi kubwa," Modeste alisema, akifunika kaye baada ya kurasa mbili. "Lakini programu hii imetengenezwa na mhandisi. Ana diplomu ya chuo kikuu. Wewe unaniambia alishindwa kuhesabu?"

"Usinisikilize mimi, shefu. Chukua familia yoyote kwenye listi, twende wote kibandani kwao."

"Mwasiti." Alishusha sauti, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu, si shefu. "Nimeshatuma ripoti. Wakubwa wameniuliza kwa nini sikuona wizi mapema. Nikiandika tena kwamba hakukuwa na wizi, wataniuliza kwa nini nilisimamisha chakula. Unaelewa? Niko na watoto pia."

"Naelewa," alisema Mwasiti, akachukua kaye lake. "Huyo mhandisi anaitwa nani?"

Nyumbani Salima aliposikia habari ya Bujumbura alipiga makofi ya mshangao. Wiki iliyopita tu basi dogo lilichomwa moto njiani, upande wa Muhuta. Magari yaliondoka kwa msafara, baada ya wanajeshi kufungua njia, na hata hivyo si yote yaliyofika.

"Kwa ajili ya namba!" Salima alisema. "Shafii, mkeo anataka kufa kwa ajili ya namba, na wewe uko kimya?"

Shafii alikuwa ameshika kaye la mkewe, analipekua kurasa kwa kurasa kwa vidole alivyovifuta kwanza kwenye suruali. Alisoma mpaka mwisho.

"Mama, hizi si namba," alisema. "Huyu hapa namjua, alikuwa ananiletea baisikeli." Akamgeukia mkewe. "Kuna lori la mawese linaondoka kesho. Dereva ni mtu wangu. Utakaa mbele, si juu ya mapipa."

*

Lori lilifika salama. Njiani Mwasiti aliliona lile basi lililochomwa, limesukumwa pembeni, na watoto wa Muhuta wanauza samaki hatua chache kutoka pale. Hakuligeukia mara ya pili.

Sylvestre, mhandisi, alikuwa kijana mwembamba mwenye ofisi ya chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Alimpokea vizuri mpaka alipojua amekuja kwa nini.

"Madamu, mimi sijaandika watu elfu tatu. Mimi nimeandika programu. Mukitia makosa, makosa yatatoka."

"Sawa. Nieleze tu inavyofanya kazi, halafu nitaondoka."

Alimweleza, kwanza kwa haraka, kisha kwa raha, maana hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Data zimekaa katika majedwali, alisema, jedwali la familia, jedwali la watu, jedwali la ugawaji. Zamani ungeandika mwenyewe swali refu la kuzitoa. Sasa kuna chombo cha kisasa kinachokaa katikati, kama mtafsiri. Kwake yeye kila familia ni obje moja, kitu kizima chenye jina lake, na watu wake na ugawaji wake viko nyuma yake. "Mimi namwambia mtafsiri: niletee familia zote, na kando ya kila familia weka hesabu ya watu wake na hesabu ya mara ilizopokea. Mstari mmoja tu. Anakwenda anauliza mwenyewe, analeta."

"Na wewe umewahi kuliona hilo swali analouliza?"

Sylvestre aligeuka kuangalia kompyuta. "Si lazima kuliona. Ndiyo faida yake."

Mwasiti alifungua kaye katikati, akaligeuza limwelekee. "Soma kutoka hapa. Watu, matundu, na namba ya listi yako."

Alisoma mistari mitano akitabasamu. Kwenye wa kumi tabasamu lilikwisha. Kwenye wa ishirini alivuta kiti chake kwenye kompyuta, akabonyeza vitu kwa muda mrefu, mpaka kwenye kioo likatokea fungu la maneno yaliyobanana. Mwasiti hakulielewa lote, lakini alimwona Sylvestre akilisoma jinsi mtu anavyosoma barua ya mahakama.

"Ameyaunganisha majedwali yote matatu kwa pamoja," alisema hatimaye. "Kwanza ameunganisha, ndipo akahesabu. Kila mtu amerudiwa kwa kila ugawaji."

"Na asiye na ugawaji?"

"Hana cha kuunganishwa nacho. Anadondoka."

Nje mwenye duka alikuwa anabishana na mteja juu ya mita moja ya kitenge.

"Ilikuwa sahihi nilipoijaribu," Sylvestre alisema. "Niliweka familia tatu, kila moja imepokea mara moja." Aliuma kucha. "Nitarekebisha. Nahesabu watu peke yao, nahesabu ugawaji peke yake, kila hesabu imalizike kwanza, ndipo niziweke kando ya familia. Na asiye na kitu aandikwe sifuri, asifutwe. Ni kazi ya saa mbili. Kesho natuma listi mpya, na mambo yameisha, sivyo? Hakuna haja ya kumwambia Modeste yote haya."

"Iko haja."

"Madamu, shirika ndilo mteja wangu pekee. Vita hivi, nani mwingine atanipa kazi ya programu?"

"Mlinzi alipekua muhogo wangu mbele ya watu," Mwasiti alisema. Hakupandisha sauti. "Kule kambini iko watoto wanaokunywa maji ya chumvi tangu siku ile. Sikuombi unipe kitu. Andika tu ulichoniambia sasa hivi, kwa maneno hayo hayo, na utie sahihi. Nitangoja."

Alingoja. Saa mbili zikawa nne. Sylvestre alifanya kazi mgongo umempinda, na mara mbili alimwita amsomee familia kutoka kwenye kaye: Généreuse, sita na tatu, wa mfereji, nne na sifuri. Listi mpya ilipotoka kwenye printa, familia hazikuwa tena mia mbili na kumi na tatu. Zilikuwa mia mbili na hamsini na nne. Mwasiti alipitisha kidole kwenye zile arobaini na moja za mwisho, zote na sifuri zao, na akaona kwamba hakuna hata jina moja alilokuwa amekosea kuliandika.

Sylvestre aliandika barua, akaisoma, akaichana, akaandika nyingine fupi na ya kweli zaidi. Aliitia sahihi. "Murakoze," alisema alipompa, akiangalia pembeni, na Mwasiti hakuelewa mara moja anashukuriwa nini.

*

Modeste aliisoma barua akiwa amesimama, na mwisho wake akakaa. Alifungua droo, akaweka funguo juu ya meza.

"Anza kazi kesho," alisema. "Nitawaambia watu kulikuwa na tatizo la kiufundi."

"Uliniita mwizi mbele ya hangari, shefu. Barua isomwe mbele ya hangari."

"Mwasiti, usinifanyie hivyo."

"Sikufanyii wewe. Na Généreuse ataitwa kwa jina, aambiwe ana watu sita."

Modeste hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuogopa wanaomzidi na kuogopwa na walio chini yake, na hii ya tatu, ya kusimamiwa na mtu wa chini asiyemwogopa, hakuwa ameijua. Alivaa kofia yake akatoka.

Aliisoma kwa sauti ndogo, na watu wa nyuma wakapiga kelele wakitaka asikike, ikabidi aanze upya. Alipotaja jina la Généreuse hakuna aliyecheka. Mlinzi wa getini alikuwa anakwaruza ardhi kwa kiatu. Salima alikuwa amekuja pia, amesimama mbali kidogo na wengine, mtandio umemfunika hadi kidevuni. Barua ilipokwisha alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Huyo ni mkwe wangu," akaondoka zake kwenda sokoni.

Lakini shida mpya ilikuwa ndani ya hangari. Magunia yaliyokuwapo yalikuwa ya familia mia mbili na kumi na tatu, na Modeste alitaka wale arobaini na moja wangoje lori lijalo. Foleni ilianza kunung'unika. Wengine walikubaliana naye, waziwazi, kwamba wamengoja siku nyingi na hawawezi kugawana tena. Mwasiti alikuwa ameshapiga hesabu ndani ya lori akirudi. Ukipunguza kikombe kimoja cha unga kwa kila mtu, na cha maharage kisijae, wote wanapata. Aliwaambia hivyo. Walimtukana kidogo, wakabishana wao kwa wao, na jua likapanda. Mwishowe hakuna aliyekubali kwa mdomo, ila hakuna aliyeondoka kwenye foleni, na Mwasiti akachukulia kwamba hilo ndilo jibu. Alifungua listi kwenye ukurasa wa mwisho, akaanza na wenye sifuri.

Jina la kwanza lilikuwa la Pascasie, mwanamke wa makamo aliyevaa sweta la kiume. Hakuitika mpaka alipoitwa mara ya pili, kana kwamba hakutegemea kwamba jina lake lingetoka mdomoni mwa mtu. Alikuja mbele na karata isiyo na tundu.

"Pascasie, watu watano," Mwasiti alisoma. "Lete gunia."

"Wanne," alisema Pascasie.

Mwasiti aliangalia listi, akaogopa. Kwa sekunde moja alidhani mashine imekosea tena, au yeye. "Nilikuandika watano. Wewe, mumeo, watoto watatu."

"Uliandika vizuri. Tulikuwa watano." Alisema bila kubadilisha uso. "Mdogo alishikwa na kuhara wiki iliyopita. Hakuwa na nguvu. Andika wanne."

Mpimaji wa unga alikuwa ameshateka fungu la mtu wa tano. Alimwangalia Mwasiti, Mwasiti akamwangalia Pascasie.

"Mama, chukua cha watano," Mwasiti alisema polepole. "Leo tu. Hakuna atakayesema kitu."

"Hapana," alisema Pascasie. "Nyinyi mmetoka kupigania hesabu iwe ya kweli. Iandike ya kweli."

Mwasiti alikata tano kwa mstari mmoja, akaandika nne pembeni yake, akatia sahihi yake ndogo kando kama sheria ilivyotaka. Nne ilisomeka vizuri. Alitoboa karata tundu la kwanza, akamrudishia kwa mikono miwili. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa pili, akaliita jina linalofuata kwa nguvu, lisikike mpaka mwisho wa foleni.